Mimba Niliyopewa na Mama Mkwe

Mwaka ule nilikojoa kwenye kikopo mara tatu, na mara zote tatu kijiti cha kupimia mimba kilitoa mstari mmoja. Mstari mmoja maana yake hakuna. Lakini nyumbani kwangu ule mstari ulisomwa kila namna: kipimo kibovu, mkojo wa mchana, mimba changa inajificha. Hakuna aliyeusoma kama ulivyo.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na nne na mtoto mmoja wa kiume wa miezi sita. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikajifunza ushonaji, na nilikuwa na cherehani yangu ya miguu kibarazani pa duka moja la vitambaa karibu na soko, hapa Songea. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, Mngoni wa Mpitimbi, Mkatoliki. Mimi ni Myao wa Nakapanya, Mwislamu, nimekulia chuo cha Kurani kwa maalimu. Ndoa tulifunga bomani, kwa sababu hakuna upande uliokubali kwenda kwa mwenzake. Nasema haya ili ieleweke kwamba mama mkwe alinipokea kama mtu anayepokea mzigo wa mwingine: ameshika, lakini anatafuta pa kuuweka.

Ugonjwa ulianzia miguuni. Nilikaa kwenye cherehani, nikakanyaga, na baada ya sare moja ya shule magoti yakawa kama si yangu. Nikipanda kile kilima cha kutoka sokoni nikiwa na mtoto mgongoni, nilisimama mara mbili kuvuta pumzi, na moyo ulikuwa unapiga masikioni. Wateja wakasema ni mtoto ananyonya sana. Nikakubali, maana kweli alikuwa ananyonya kama amelipwa.

Nilipompeleka mtoto kliniki kupima uzito, nesi alinishika kidevu, akanivuta kope la chini.

"Mama, wewe damu huna. Umejifungua lini?"

"Miezi sita, sista."

"Ulipewa vidonge vya kuongeza damu?"

"Nilipewa, viliisha."

"Haya, chukua vingine. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Choo kitakuwa cheusi, usije ukatuletea kelele hapa. Ni hivyo vidonge."

Basi. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyokaribia kuniua, na hayakuwa ya uongo. Vidonge vile kweli vinafanya choo kiwe cheusi. Nesi alisema kweli, na mimi nikatii kama mwanafunzi wa mstari wa mbele. Nilipoona choo kimekuwa cheusi kama lami, kinanata, kinatoa harufu ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu, nilimwaga ndoo mbili za maji nikasema moyoni, vidonge vinafanya kazi. Nilifurahi kabisa! Mpaka leo nikikumbuka ile furaha natamani kujipiga kofi.

Majirani nao walileta elimu yao. Kunywa rosela. Kunywa juisi ya bitiruti. Kula matembele, mwaga chai, chai inakula damu. Nilikunywa rosela mpaka ulimi ukawa kama wa mtoto aliyeiba zambarau. Niliporudi kliniki, kope lilikuwa jeupe kuliko mwanzo. Nesi akanitazama kwa jicho la pembeni. "Vidonge unameza, au unaviweka kabatini?"

Nilikuwa nameza. Sikuelewa. Naingiza damu kwa mdomo kila siku, inakwenda wapi?

Halafu likaja lile donge. Nililigundua nimelala chali baada ya kumnyonyesha mtoto. Chini ya kitovu, kidogo kushoto, kitu kama chungwa dogo. Haliumi. Ukilisukuma linakwenda, ukiliacha linarudi. Nilimwita mume wangu, nikamshika mkono nikauweka pale.

"Unasikia?"

Alibonyeza polepole. Yeye ni mtu mpole, anabonyeza hata embe kwa adabu.

"Nasikia. Ni nini?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Akacheka. "Labda mwenzake huyu anakuja."

Ni utani tu. Na mimi nilicheka. Lakini siku mbili baadaye aliongea na mama yake kwenye simu, na katika salamu na habari za mahindi utani ule ukatoka. Anaapa kwamba alisema kwa kucheka. Labda. Mpitimbi ulifika bila kicheko.

Ili mtu aelewe kilichofuata lazima ajue jambo moja la kwetu. Mama anayenyonyesha akishika mimba nyingine mapema, watu wanasema anambemenda mtoto: maziwa yanaharibika, mtoto anakonda, miguu inalegea, na kosa ni la mama aliyeshindwa kujizuia. Baba halaumiwi sana. Na kama baba anasema yeye hajui habari ya mimba hiyo, basi balaa jingine. Mimba ya nani?

Mama mkwe alikuja Jumamosi na nusu gunia la unga na kuku amefungwa miguu. Nilimpokea, nikapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakunitazama usoni. Alitazama tumbo. Alimchukua mtoto, akamvua soksi, akamshika miguu, akaibonyeza bonyeza kama anachagua viazi. "Mtoto mwepesi huyu."

"Kliniki wamesema uzito ni mzuri, mama."

"Kliniki." Akakaa. "Mwanangu, mimi nimezaa saba. Mwanamke mweupe hivyo mdomoni, anahema akipanda ngazi mbili, tumbo limeshaanza kukaa. Unanificha nini?"

"Sina mimba, mama."

"Hilo tumbo ni la ugali?"

Mume wangu alikuwa mlangoni ameshika jagi la maji. Nilimtazama aseme. Akasema, "Mama, kunywa maji kwanza." Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, na kusema kweli sijamaliza.

Kijiti cha kwanza tulinunua duka la dawa siku ileile. Mstari mmoja. Mama mkwe alikishika kwa ncha za vidole akakigeuza nyuma, kama kuna maandishi mengine huko. "Hivi vitu vya kichina," alisema. Cha pili nilipimwa nacho zahanati Jumatatu, naye amekaa kwenye benchi nje. Mstari mmoja. Akamuuliza mhudumu, "Inawezekana mimba ikawa changa isionekane?" Mhudumu akasema, bila kutufikiria, "Inawezekana, mrudi baada ya wiki mbili." Walimpa rungu!

Alichofanya baadaye nitakieleza kwa ufupi kwa sababu bado kinaniuma. Asubuhi ya Jumatano nilikwenda sokoni kumalizia magauni ya harusi ya mteja. Niliporudi, mama mkwe alikuwa amefunga mizigo. Alinishika mkono, akanikalisha, akanipaka shubiri kwenye maziwa yote mawili. Mimi mwenyewe nilikaa nikapakwa. Hilo ndilo ambalo silielewi. Nina elimu yangu, nina mdomo wangu, nilijua sina mimba, na nilikaa kimya kama ndama. Mtoto alipokuja kunyonya alikunja uso, akaliacha titi, akanitazama. Alilia, akajaribu tena, akanitazama tena.

"Atazoea uji," alisema mama mkwe. "Tunaokoa mtoto."

Akamchukua Mpitimbi. Mume wangu akasema wiki mbili tu, mama apumzike moyo. Mimi nilibaki na maziwa yamejaa kifuani yananiuma kama majipu, nayakamulia kwenye beseni, namwaga. Maziwa mazuri kabisa.

Na hapo ndipo, kwa hasira wala si kwa akili, nilipofanya kitu kimoja cha maana. Niliviacha vidonge. Nilichukua pakiti yote, nikaitupa chooni. Nilisema, kama wananiona mjamzito basi nisimeze tena vidonge vya wajawazito. Ni upuuzi, najua. Nilikuwa namkomoa nani? Lakini nilitupa.

Wiki ya kwanza bila vidonge, choo cheusi. Nikasema bado vimo mwilini. Wiki ya pili, cheusi. Nikasema vilikuwa vingi. Wiki ya tatu, mtoto bado hajarudishwa, sikusema kitu, nilishazoea, nilikuwa namwaga maji bila kuangalia. Siwezi kumlaumu nesi kwa hilo. Vilikuwa vimeshatoka zamani, na mimi bado nilikuwa navitetea.

Siku niliyoanguka nilikuwa napima kiuno cha mteja. Nakumbuka futi kamba imezunguka mwili wake, nakumbuka namba, halafu nakumbuka saruji ya kibaraza shavuni, baridi, na mwenye duka anasema, "Mshikeni kichwa, mshikeni kichwa." Alinipeleka hospitali kwa gari lake, na kitambaa cha mteja bado kiko begani kwangu.

Mapokezi waliuliza, nikajibu, wakaandika: mama mwenye mtoto mdogo, kizunguzungu, donge tumboni. Kopo la mkojo. Hiyo ndiyo mara ya tatu. Nilipiga kelele. Nilimwambia yule dada wa maabara kwamba akinipa hicho kikopo namrudishia kichwani. Alikuwa msichana mdogo kuliko mimi. Akasema kwa upole, "Mama, wakitaka kukupiga picha lazima tujue." Nikakojoa. Mstari mmoja. Damu yangu wakaipima nayo, ikawa nne. Mwanamke mzima anatakiwa awe na kama kumi na mbili.

Daktari aliyenikuta wodini alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, mrefu, mzungumzaji wa polepole, bingwa wa upasuaji. Aliuliza maswali huku anaandika bila kuinua kichwa. Hedhi? Haijarudi. Kutapika? Hapana. Kukonda? Kidogo.

"Choo?"

"Kawaida."

"Rangi?"

"Cheusi. Lakini ni vidonge vya damu, niliambiwa kliniki."

"Sawa." Akaandika. "Mara ya mwisho umemeza lini?"

"Nimeacha wiki tatu sasa."

Kalamu ikasimama. "Na choo cha leo asubuhi?"

"Cheusi."

Nikajisikia nikilisema. Daktari akaniinulia kichwa kwa mara ya kwanza.

"Mama, vidonge havikai wiki tatu. Hiyo ni damu. Unavuja ndani, na sijui umeanza lini kwa sababu vidonge vimekufichia."

Nilimuuliza, "Sasa ile damu niliyokuwa naongeza?"

"Ulikuwa unajaza ndoo iliyotoboka."

Ukidhani baada ya hapo mambo yalinyooka, umekosea. Ndiyo kwanza yakaanza kunichanganya. Waliniongeza damu chupa mbili, halafu wakaniingiza mpira wenye kamera mdomoni, wakatafuta vidonda tumboni. Daktari akasema tumbo safi, halina kitu. Siku mbili baadaye, baada ya kunywa dawa ya kuharisha mpaka nikawa mwepesi kama ganda la karanga, wakaniingiza mwingine kwa chini. Utumbo mpana safi, hauna kitu. Nikafurahi. Mume wangu, aliyekuwa anakuja kila baada ya vipindi, akafurahi pia. Daktari hakufurahi.

"Mbona unanuna, dokta, na huku ni kuzuri na huku ni kuzuri?" nilimuuliza.

"Kwa sababu damu bado inatoka."

Alichukua karatasi ya nyuma ya faili, akachora mfuko, akachora bomba pana kama fremu ya mlango, na katikati akachora mistari mingi imejikunja kunja. Mpira wa juu, alisema, unaishia hapa. Wa chini unaishia hapa. Hii ya katikati ni utumbo mwembamba, mita kadhaa umekunjwa, na huku mipira yetu haifiki. Mimi nilitazama ule mchoro nikaona uzi uliojisokota kwenye bobini. Nilijua ukiwa hivyo hutafuti mwisho wake kwa macho.

Mtu wa utrasaundi naye akaongeza vurugu. Aliliona donge, akaandika kwamba liko karibu na kizazi, labda ni la kwenye mfuko wa mayai. Kwa hiyo kwa siku moja nzima nilikuwa na magonjwa mawili: damu inayotoka pasipojulikana, na uvimbe wa uzazi usiohusiana na damu. Mama mkwe alipopigiwa simu akasikia neno kizazi. Alisikia hilo tu. "Si nilisema?" ndivyo alivyosema, na mume wangu akaniletea maneno hayo. Nilimwomba asiniletee tena maneno ya mama yake wodini. Akasema, "Ni mama yangu." Nikasema, "Na mimi ni nani?" Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakanyamaza wote wasikie jibu. Alinimenyea chungwa.

Daktari ndiye aliyekataa kuwa ni vitu viwili. Alikuja akabonyeza donge, akalisukuma kulia likaenda, juu likaenda. "Uvimbe wa mfuko wa mayai haupandi mpaka huku," alisema, anaongea na yeye mwenyewe zaidi kuliko na mimi. Akaniagizia siti skani. Nililala kwenye ile mashine, wakanichoma dawa kwenye mshipa, joto likanipita mwilini mpaka nikadhani nimejikojolea. Jioni akaja na picha. Alinionyesha kivuli cha mviringo kimening'inia kwenye kipande cha utumbo mwembamba kama tunda kwenye tawi, na mishipa minene ya damu inakiingia.

"Hiki ndicho kinachovuja. Kimekua kwenye ukuta wa utumbo, kikachimbika kwa ndani. Si kitu cha kila siku. Mimi kwa mikono yangu nimetoa vichache sana."

"Ni kansa?"

"Tukitoe kwanza, tukipime."

"Si nakuuliza ni kansa au si kansa?"

"Mama, sijui."

Niseme ukweli, lile sijui lilinituliza. Watu wote kabla yake walikuwa wanajua.

Kabla ya upasuaji zilihitajika chupa nyingine za damu, na ndugu walitakiwa waje wachangie. Ndugu zangu wako Nakapanya, mbali. Mama yangu mzazi alipanda basi peke yake, akafika amevimba miguu, akanishika uso kwa mikono miwili akasema, "Mwanache, mwanangu, umekuwa karatasi." Yeye mwenyewe ana presha, hawakumtoa damu. Mume wangu alishatoa. Walimu wenzake wawili walitoa.

Halafu asubuhi ya Ijumaa, mama mkwe aliingia wodini na mwanangu mgongoni na nyuma yake wanaume wanne wa Mpitimbi wenye matope kwenye viatu. Aliwatoa shambani wakati wa kuvuna mahindi. Aliwapanga mstari kwenye korido kama anawapeleka kupiga kura. "Hawa watoe," alimwambia nesi. "Wote wazima. Huyu wa mwisho anakunywa ulanzi, mpimeni vizuri." Hakunisalimia. Alinipa mtoto. Miezi tisa sasa, ametoa meno mawili. Alinitazama kifuani, akageuza uso akataka bibi yake.

Sikujua nimshukuru au nimng'ate. Nilikaa na mkono wa mtoto mkononi mwangu, wale wanaume wanapita mmoja mmoja wameshika pamba kwenye kiwiko, kila mmoja ananiambia, "Pole shemeji," na mimi naitikia, "Asante," na machozi yananitoka, na sikuweza kusema ni machozi ya kitu gani.

Usiku sikumbuki. Asubuhi nakumbuka taa za chumba cha upasuaji, na mtu wa nusu kaputi akiniuliza nashona nini zaidi, magauni au sare. Nikaanza kumjibu sare.

Sasa hapa naeleza nilichosimuliwa, maana mwenyewe nilikuwa nimelala. Hospitali zetu zina desturi, wakikutoa kitu mwilini humwita ndugu aje akione, ili asije akasema baadaye mgonjwa wake alichanwa bure. Mume wangu alikuwa ametumwa duka la dawa kutafuta dawa moja iliyokosekana. Mama yangu alikuwa anaswali. Mlangoni alibaki mama mkwe na mtoto mgongoni. Nesi akatoka akauliza, "Ndugu wa mgonjwa nani?" Akasema, "Mimi."

Nesi alimletea bakuli la chuma. Ndani yake kipande cha utumbo, na juu yake lile donge, jekundu la kuiva, kubwa kuliko lilivyosikika kwa nje, lina shimo ubavuni lenye damu iliyoganda. Nesi ndiye aliyenisimulia baadaye akinibadilishia bandeji, kwa sababu hajawahi kuona mtu akilitazama kitu kwa muda mrefu hivyo. Alisema mama mkwe aliinama karibu kabisa, akauliza:

"Hiki ndicho kilikuwa kinatikisika tumboni?"

"Ndicho, mama."

"Kigeuze."

Nesi akakigeuza kwa koleo. Mama mkwe akatazama upande wa pili. Halafu akasema, "Basi," akafunga khanga ya mtoto upya, akaenda kukaa.

Siku ya tatu nilikuwa naweza kukaa kwa kushikwa. Alikuja peke yake na chupa ya uji mwembamba ambao sikuwa nimeruhusiwa kunywa. Akaiweka kabatini.

"Nimekiona," alisema.

"Umeona nini, mama?"

"Kile."

Nilingoja. Nilikuwa nimepanga maneno mengi sana, nimeyapanga tangu siku ya shubiri, mengine ya Kiyao ambayo asingeyaelewa lakini sauti yake angeipata. Alikunja kona ya shuka yangu, akaikunjua, akaikunja. Halafu akaniambia mtoto amekula vizuri uji wa ulezi, na kwamba wale wanaume wamerudi shambani. Akaondoka. Hakuomba msamaha siku ile, wala mpaka leo hajaomba. Na mimi sijamsamehe, watu wanaosema muda unaponya waje waniambie ni muda gani. Mwanangu alizoea uji. Maziwa hayakurudi.

Nilimuuliza daktari aliunganishaje utumbo baada ya kukata kipande. Alishangaa kidogo. Akasema wamekata huku na huku mpaka kwenye nyama nzima, wakakutanisha ncha mbili, wakashona mizunguko. Nikamuuliza kama hauvuji kwenye mshono. Akasema ndiyo maana sijaruhusiwa kula. Nikamwambia mshono wa mviringo ndiyo mgumu kuliko yote, hata mkono wa blauzi unasumbua. Akasema, "Kweli kabisa," na nikaona ameniheshimu, au nilitaka kuona hivyo.

Siku ya sita nilipata choo. Nilikwenda taratibu nimeshika ukuta, mama yangu nyuma yangu. Nilipomaliza sikumwaga maji. Nilimwita nesi aje aone. Alikuja anakimbia, akidhani nimeanguka. Nikamwonyesha kidole. Choo cha kahawia, cha binadamu. "Mama, umenitoa kwa mgonjwa wa dripu kwa ajili ya hiki?" alisema, lakini alisimama akakitazama na yeye.

Kile kipande kilitumwa Dar es Salaam, majibu yakachukua wiki nyingi. Nilirudi kwenye cherehani kabla hayajafika, nakanyaga dakika kumi napumzika kumi. Yalipofika tulikwenda mimi na mume wangu. Daktari alisema uvimbe ule una jina refu, unatokana na seli za ukuta wa utumbo, ni wa nadra. Nikauliza lile swali langu. Kansa, au si kansa?

"Ni jamaa ya kansa," alisema. "Lakini si ile ya kawaida. Mwingine ukitolewa haurudi tena maisha yote. Mwingine unarudi. Wako uko katikati."

"Katikati tena?" nilisema. Mume wangu akanishika goti.

Aliniambia kuna vidonge ambavyo wenye hatari kubwa hupewa, na kwamba kwa wangu, walivyoshauriana na wenzake wa Dar es Salaam, wataufuatilia kwanza: picha na kupimwa kila baada ya miezi michache. Mume wangu akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo amepona?" Daktari akasema tumeutoa wote unaoonekana. Mume wangu akaitikia kwa kichwa kana kwamba amejibiwa ndiyo. Mimi nilikuwa nimesikia neno lile la mwisho, unaoonekana, na nilitoka pale naliramba kama jino linalocheza.

Juzi nilikuwa na tarehe yangu. Picha ilikuwa safi, damu yangu kumi na moja na nusu. Nililala kwenye kitanda cha chumba chake, nikapandisha blauzi. Alibonyeza chini ya kitovu, kushoto, juu, pembeni ya kovu.

"Hakuna kitu."

"Bonyeza tena."

"Mama, nimebonyeza."

"Bonyeza kama hujawahi kuniona. Kama nimeingia leo hapo mlangoni na hujui chochote."

Alinitazama, nikajua anataka kucheka na hathubutu. Akasugua viganja vyake vipate joto, akaanza upya, mbavuni, akashuka polepole, kila mahali, na mimi nilikuwa nafuata vidole vyake kwa macho yangu mwenyewe mpaka vikafika mwisho.

"Hakuna," alisema.

Nilishusha blauzi, nikavaa viatu, nikaenda dirishani kuandikiwa tarehe nyingine. Nikiwa kwenye foleni niliingiza mkono chini ya khanga, nikapabonyeza mwenyewe.